Seva Ikilala Kisumu, Iamke Nakuru: Jinsi ya Kupanga Urejeshaji wa Programu na Hifadhidata

Ofisi nyingi zikiulizwa kama zina mpango wa majanga hujibu bila kusita: bekapu ipo, inafanywa kila usiku. Uliza bekapu hiyo ilirudishwa mara ya mwisho lini, kwenye mashine gani, na kazi ilichukua saa ngapi. Hapo watu huanza kutazamana. Mwongozo huu unaanzia kwenye maswali hayo, kisha unarudi nyuma hadi kwenye bekapu yenyewe.

Tutashika mfano mmoja, wa kubuni. SACCO ina ofisi kuu katikati ya Kisumu, matawi Ahero na Luanda, na tawi kubwa Nakuru. Katika chumba nyuma ya kaunta kuna seva mbili za Linux: moja inaendesha programu ya Java chini ya Tomcat, yaani chombo kinachoiweka programu hewani, nyingine ina hifadhidata ya PostgreSQL yenye data ya gigabaiti 200. Wanachama hulipa kwa M-Pesa na hupokea taarifa kwa SMS. Ukiwa na hospitali, duka la jumla au kiwanda cha sukari, badilisha majina tu.

Anzia kaunta

Keti na mhasibu na meneja wa shughuli, uwaulize mambo mawili. Kaunta inaweza kuhudumia watu kwa kitabu cha risiti kwa saa ngapi? Na ni miamala ya dakika ngapi ambayo makarani wanaweza kuiingiza upya kwa mkono bila hesabu kuvurugika? Jibu la kwanza wahandisi huliita RTO, la pili RPO. Kwa SACCO yetu tuseme saa 4 na dakika 5. Mwisho wa mwezi saa 4 ni nyingi mno, kwa hiyo andika nambari mbili, ya siku za kawaida na ya tarehe 28 hadi 5.

Wakubwa hupenda kusema "sifuri" kwa swali la pili. Waeleze gharama yake. Kutopoteza hata muamala mmoja kunataka seva ya Nakuru ithibitishe kila muamala kabla ya Kisumu kusema umekamilika. Faiba ikikatwa, kila COMMIT ya Kisumu, yaani amri ya kukamilisha muamala, inakaa ikingoja jibu lisilokuja, na kaunta inasimama ilhali seva ni nzima. Kama huna njia mbili za mawasiliano zisizopita nguzo moja, chukua dakika 5 na ulale usingizi.

Kinachoangusha seva huku kwetu

Moto na mafuriko ndiyo yanayojaza mipango mingi, lakini kwa mazoea mkosaji wa kwanza ni mkono wa mtu: amri ya kufuta (DELETE) isiyo na sharti la kipi kifutwe (WHERE), au folda iliyofutwa kwenye mashine isiyo yenyewe. Baada yake huja diski na stima.

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima, na kabla ya mwaka huo kwisha ukakatika tena kwa upana huohuo. Kwa hiyo kuwa na kituo cha pili Nakuru hakukuepushi na giza, kwa sababu miji yote miwili imening'inia kwenye gridi moja. Nakuru nako kunahitaji jenereta yake na mafuta yake. UPS, yaani betri inayoshikilia seva stima ikikatika, ipimwe kwa kuchomoa plagi ukutani huku mzigo wote ukiwa juu, kwani kitufe cha kujipima hakitoshi. Betri za asidi hazipendi joto: kila nyuzi 8 hadi 10 juu ya nyuzi 25 hupunguza umri wake takriban nusu, na chumba kisicho na kiyoyozi mjini Kisumu hupita hapo kila mchana. Unganisha UPS na seva kwa waya wa USB, weka programu ya NUT inayosoma hali ya betri, na uiamuru izime hifadhidata kwa utaratibu betri ikifika asilimia 30. Hilo hugharimu saa moja ya fundi.

Radi ni jambo la Kisii na Kakamega hasa, ila hata Kisumu hupigwa. Watu hukinga waya wa umeme wakasahau waya wa mtandao unaoshuka kutoka kwenye antena ya paa, na swichi huungua kupitia huo. Weka kizuizi cha radi hapo pia, au utumie faiba kwa kipande hicho, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme.

Maji hatutayazungumzia sana. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda likapita kiwango cha 1964, na bonde la Nyando hufurika mara kwa mara. Seva isikae sakafuni, basi.

Lipo pia la wavamizi wanaofunga data yako na kudai fidia. Bekapu iliyo kwenye diski ya USB iliyochomekwa muda wote itafungwa pamoja na seva. Nakala moja lazima ikae mahali ambapo akaunti ya seva ina ruhusa ya kuandika bila ruhusa ya kufuta, yenye kufuli la siku 30. Ikitokea data za wanachama zimefikiwa na wasiohusika kiasi cha kuwaletea madhara, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data. Weka fomu hiyo ndani ya mpango sasa, usije kuitafuta siku hiyo.

Hifadhidata: njia yenye kurudi nyuma

Kwanza tuondoe dhana moja. Replika, yaani seva ya pili inayoiga kila badiliko la seva kuu papo hapo, si bekapu. Ukifuta jedwali Kisumu, Nakuru hulifuta sekunde chache baadaye, kwa utiifu kabisa. RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, ni vivyo hivyo: huokoa diski iliyokufa, lakini haina la kufanya kwa kosa lililoandikwa sawasawa kwenye diski zote.

Unachohitaji ni nakala kamili ya kila usiku pamoja na faili za WAL, yaani daftari la kila badiliko. Kwa viwili hivyo unaweza kurudi hadi dakika unayoitaka. Kwenye `postgresql.conf`:

```
wal_level = replica
archive_mode = on
archive_timeout = 300
archive_command = '/usr/local/bin/hifadhi-wal.sh %p %f'
```

Kuwasha `archive_mode` kunataka hifadhidata izimwe na kuwashwa, kwa hiyo panga Jumapili. Sekunde 300 ndizo dakika zako 5, ukiongeza muda wa kusafirisha faili. Kila faili ni megabaiti 16 hata kama ndani mna muamala mmoja: 12 kwa saa, 288 kwa siku, takriban gigabaiti 4.6. Zibane kabla ya kuzituma. Zilizo karibu tupu hubaki ndogo mno.

Skripti ya `hifadhi-wal.sh` ndipo mambo huharibikia, tena kwa njia mbili zinazopingana. Njia ya kwanza: mtandao umekatika, skripti imeshindwa, lakini imerudisha 0 kwa sababu mstari wake wa mwisho ni `echo`. PostgreSQL inaamini faili imefika na inaitupa. Siku ya kurejesha, urejeshaji unafika kwenye pengo hilo na kusimama. WAL zote zinazofuata hazina kazi hadi nakala kamili inayofuata. Njia ya pili: skripti ni ya kweli, inasema imeshindwa, na PostgreSQL inaendelea kutunza faili ndani ya `pg_wal` ikingoja. Faiba ikilala siku mbili, diski inajaa na hifadhidata inajizima yenyewe. Dawa ni skripti iandike kwanza kwenye diski nyingine hapohapo ofisini, kisha kazi tofauti izisafirishe Nakuru. Weka onyo la simu `pg_wal` ikipita gigabaiti 10. Kama unatumia sloti za replika, zinazoitunzia replika WAL ambazo haijazisoma, weka na `max_slot_wal_keep_size`, maana replika iliyozimwa Nakuru inaweza kujaza diski ya Kisumu vilevile.

Nakala kamili:

```
pg_basebackup -h seva-kuu -U nakala -D /bekapu/$(date +%F) -Ft -z -X stream -c fast
```

Ifanye kila usiku. Ukiifanya mara moja kwa wiki, janga la Jumamosi litakulazimu kupitisha WAL za siku sita, na kazi hiyo hufanywa na mchakato mmoja tu hata seva iwe na kore 32. Kuanzia toleo la 17 kuna nakala za nyongeza zinazochukua mabadiliko tu. Zinafaa data ikipita ukubwa wa laini yako. `pg_dump` ibaki kwa kazi ya kuokoa jedwali moja, na uiandamanishe na `pg_dumpall --globals-only`, la sivyo utarudisha data isiyo na watumiaji wala nywila zao.

Seva ya Nakuru iwe na toleo kuu lilelile la PostgreSQL, na mfumo wa uendeshaji wa toleo lilelile. Hili la pili wengi hawalijui. Maktaba ya glibc, ambayo Linux hutumia kupanga herufi, ilibadilisha mpangilio huo katika toleo 2.28. Ukihamisha faili kutoka mashine ya kabla ya hapo kwenda ya baada yake, fahirisi za maandishi (index) huwa mbovu kimyakimya. Mwanachama yupo, lakini ukimtafuta kwa jina hapatikani. Ikibidi mashine zitofautiane, jenga upya fahirisi kwa REINDEX kabla ya kufungua mlango.

Wenye MySQL: washa binlog, daftari lake la mabadiliko, chukua nakala kwa `mysqldump --single-transaction`, na hakikisha hakuna jedwali la MyISAM, muundo wa zamani, lililobaki, kwa sababu chaguo hilo halilindi majedwali hayo.

Onyo linalofundisha ni la GitLab, kampuni ya kutunza kodi za programu, tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi alifuta folda ya data ya seva kuu akidhani yuko kwenye replika. Bekapu za `pg_dump` zilizotegemewa hazikuwapo: chombo kilikuwa toleo 9.2, hifadhidata 9.6, kikakataa kazi kila mara, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa 6 hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa.

Hesabu ya laini

Gigabaiti 200 kwenye laini inayopitisha megabiti 20 kwa sekunde bila kukatizwa ni saa 22. Zikibanwa hadi 60, ni saa 6 na dakika 40. RTO yetu ni saa 4. Kwa hiyo kama nakala iko mawinguni (cloud) pekee, mpango umeshindwa kabla haujaanza. Nakala ya jana lazima iwe tayari Nakuru, imeshafunguliwa kwenye diski, ikingoja WAL tu. Kwa mara ya kwanza usihangaike na mtandao: diski ambayo data yake imefungwa kwa ufunguo wa siri (encryption), ikiwa ndani ya begi, Kisumu hadi Nakuru kupitia Kericho, kilomita kama 180, hufika kabla laini haijapeleka robo ya zile gigabaiti 200. Matatu imeipita faiba.

Mawingu nayo yana mahali. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom ziliharibika chini ya bahari, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kutambaa. Mwenye nakala Cape Town pekee siku hiyo alikuwa nayo na hana. Wala usiweke vyote kwa mwenyeji mmoja: tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la SBG2 la OVHcloud, kampuni ya kukodisha seva, mjini Strasbourg, na wako wateja ambao bekapu zao zilikuwa papo hapo.

Ufunguo wa kufungulia nakala uchapishwe kwenye karatasi, bahasha mbili, moja Nakuru na moja kwenye sanduku la benki. Nambari za siri za mara moja zisitegemee simu ya mtu mmoja. Huenda yumo ndani ya matatu ya Bungoma na chaji imeisha.

Seva ya programu

Hii ni rahisi zaidi, ndiyo maana husahaulika. Faili ya WAR, yaani kifurushi cha programu yenyewe, peke yake haitoshi. Orodhesha toleo la Java na la Tomcat, `server.xml`, faili za systemd zinazowasha huduma, kazi za cron zinazojiendesha kwa ratiba, cheti cha TLS cha kulinda mawasiliano na ufunguo wake, na nywila za M-Pesa na za SMS. Vyote isipokuwa siri viingie kwenye Git, hazina inayotunza kila toleo la faili. Siri ziingie kwenye hazina yenye kufuli. Jaribio lake ni hili: mpe fundi wa Nakuru mashine tupu na maelekezo, bila ruhusa ya kuuliza. Akikwama, palipomkwamisha ndipo pa kuandika.

Anwani unayoisajili kupokea majibu ya M-Pesa iwe jina la tovuti, kamwe isiwe nambari ya IP, na TTL ya DNS, yaani muda ambao mashine nyingine hukumbuka jina hilo ni la IP gani, iwe sekunde 300 tangu leo. Kuishusha siku ya janga hakusaidii, kwa sababu dunia bado inashikilia ile ya zamani. Cheti cha Let's Encrypt huisha baada ya siku 90 au pungufu, na Nakuru haiwezi kukihuisha kwa njia ya HTTP, kwa kuwa ukaguzi unaenda Kisumu. Tumia njia ya DNS.

Siku yenyewe

Wawili wana mamlaka ya kutangaza janga, na mmoja wao peke yake anatosha. Weka kikomo: seva isiporudi ndani ya dakika 30, tunahamia Nakuru. Bila kikomo, fundi atasema "dakika kumi tu" hadi jioni. Majina na simu ziwe kwenye karatasi. Orodha iliyo ndani ya seva iliyozimika haimpigii mtu simu.

1. Makarani wanahamia kwenye kitabu chenye safu za nambari ya mwanachama, kiasi, msimbo wa M-Pesa, saa na sahihi. Risiti za kitabu zianze na herufi yake, mathalani K.

2. Hakikisha seva ya Kisumu haiwezi kupokea miamala. Zima, chomoa waya wa mtandao, au ifunge kwenye ruta.

3. Nakuru, weka `restore_command`, na kama ni kosa la mtu weka pia saa ya kusimama: `recovery_target_time = '2026-02-27 14:05:00+03'`. Ile +03 ni muhimu. Bila hiyo, mashine iliyopangwa kwa saa za UTC itakupeleka saa tatu mbali na ulikokusudia. Unda faili tupu `recovery.signal`. Bila faili hiyo PostgreSQL haitazami kabisa `restore_command`.

4. Ikifika saa uliyoitaja itatulia katika hali ya kusomwa tu. Kagua. Ukiridhika: `SELECT pg_wal_replay_resume();`

5. Kabla ya kuwasha Tomcat, zima cron na foleni ya SMS. Data imerudi nyuma, kwa hiyo programu inaamini ujumbe wa saa 8 na dakika 10 mchana haujatumwa na riba haijakokotolewa. Wanachama watapokea SMS mara ya pili na kudhani wamekatwa tena.

6. Sogeza mbele nambari za risiti, tuseme kwa 10,000, kwa `setval`. Risiti zilizochapwa katika dakika zilizopotea ziko mikononi mwa watu. Usipofanya hivi, mfumo utatoa nambari zilezile kwa watu wengine.

7. Pakua taarifa ya M-Pesa ya kuanzia saa moja kabla ya tukio, ulinganishe misimbo na jedwali la malipo, uingize inayokosekana. Safu ya msimbo iwe ya kipekee ndani ya hifadhidata, ili anayeingiza mara mbili akataliwe na mashine yenyewe.

8. Badilisha DNS, fungua tawi moja kwanza. Ahero wakikaa robo saa bila tatizo, fungua mengine.

Mazoezi

Kila wiki, mashine irudishe nakala ya jana bila kushikwa mkono na kutuma ujumbe *ikifaulu*. Ukimya uwe ndio kengele. Fungua nakala na uipitishe kwenye `pg_verifybackup`, iwashe, halafu endesha `pg_dump` kuelekea `/dev/null`, ambayo husoma kila safu ya majedwali, na `pg_amcheck` kwa ajili ya fahirisi. Jumla ya akiba zote ilingane na karatasi ya mizania aliyoichapa mhasibu usiku uleule. Idadi ya safu pekee haimridhishi mhasibu, naye ana haki.

Kila miezi mitatu, fanya zoezi zima na saa ya ukutani. Andika dakika za kila hatua. Funga kwanza mtandao wa kutoka kwenye mashine ya zoezi, au wanachama wa kweli watapokea ujumbe wa majaribio. Mara moja kwa mwaka, mwenye ujuzi mkuu akae nje ya chumba, simu yake mezani kwa meneja.

Kurudi Kisumu

Hatari kubwa kuliko zote huja wakati kila mtu ameshapumua. Stima inarudi, na seva ya zamani, ambayo BIOS yake (mipangilio ya msingi ya mashine) imepangwa kujiwasha umeme ukirudi, inaamka na IP ileile na hifadhidata iliyo wazi. Tawi la Luanda ambalo ruta yake bado inakumbuka anwani ya zamani linaanza kuandika huko. Sasa kuna vitabu viwili vya ukweli, na kuviunganisha ni kazi ya wiki, kwa mkono. Badilisha mpangilio huo wa BIOS leo, seva ibaki imezimwa hadi mtu aiwashe, na PostgreSQL isiwekwe kujianzisha yenyewe.

Seva ya zamani hairudi kuwa kuu moja kwa moja. Inaingia kama replika ya Nakuru. Kama ulikuwa umewasha `wal_log_hints` au hesabu za ukaguzi wa data (checksums), chombo cha `pg_rewind` kitaifikisha kwa muda mfupi. Kama hukuwasha, itabidi nakala kamili upya, nawe unazijua saa zake. Isubiri iende sambamba kwa siku kadhaa, kisha uhamishe Jumapili asubuhi, kwa hatua zilezile nane, kuanzia kitabu cha risiti.